Mjapani Aliyesema "Anzeni"

Basi la kutoka Morioka liliniteremsha Odate saa kumi na moja jioni, giza limeshaingia, theluji inaanguka pole pole bila upepo. Ndiyo Januari ya huku kaskazini mwa Japani. Siku tatu kabla nilikuwa Katuba, mtaa wa Lubumbashi kule Kongo, chini ya mwembe wa mama, maembe yanadondoka yenyewe na watoto wanayagombania.

Sanduku halikuvutika, magurudumu yalikuwa yanazama. Nikalibeba kichwani. Njia nzima nilikuwa nawaza mlango wangu. Siku kumi na sita bila mtu wa kuondoa theluji maana yake ni ukuta unaokufika kiunoni, na nilikuwa nimejiandaa kuazima beleshi nichimbe gizani hadi nikifikie kitasa.

Nikakuta njia. Upana wake ni wa beleshi moja tu, imenyooka kutoka barabarani hadi kizingitini, kingo zimekatwa wima kama tofali bichi. Kwa jirani taa ilikuwa inawaka. Bibi huyo ana miaka 83 na anaishi peke yake. Tangu nihamie hapa miaka minne iliyopita, mimi ndiye ninayemsafishia mlango, kwa sababu mgongo wake umechoka. Nilisimama pale na sanduku kichwani nikitazama kingo za ile njia. Hakuifanya kwa siku moja. Tabaka la chini lilikuwa limegeuka barafu ya kijivu, la katikati limeshikana, la juu bado jeupe. Kila theluji ilipoanguka, alitoka.

Kwa wasionijua: nimezaliwa na kukulia Lubumbashi, nikasomea uhandisi pale pale chuo kikuu, kisha nikaja Japani kwa shahada ya pili na kazi ikanibakiza. Niko katika kiwanda kinachoyeyusha simu na kompyuta zilizokufa ili kutoa shaba, fedha na dhahabu. Mkoa huu wa Akita ni nchi ya migodi kama kwetu. Mji jirani wa Kosaka uliishi kwa mgodi wake mpaka ulipofungwa mwaka 1990. Uyeyushaji haukukoma, leo tanuru linalishwa taka za elektroniki. Pale Kosaka wafanyakazi wa mgodi walijengewa jumba la maigizo mwaka 1910, na bado maigizo yanachezwa. Mwaka 1910 ndio mwaka ambao Lubumbashi inauhesabu kuwa wa kuzaliwa kwake. Mara ya kwanza niliposoma tarehe hiyo pale mlangoni nilihisi nimekutana na mtu wa rika la nyanya yangu.

Na kuna jambo jingine lililonishika mapema. Watu wa Akita wakikubali neno hawasemi "hai" kama wanavyofundisha vitabuni. Wanasema "nda". Baridi yangu ya kwanza, nikiwa sijui kitu, nilikaa kwenye basi nyuma ya wazee wawili, mmoja anasimulia, mwingine anaitikia: nda, nda, nda. Mimi nilikuwa nasikia "ndiyo" inayokatwa katikati. Nililia kimya kimya hadi kituo changu. Nitarudi kwenye hilo.

Nilikwenda nyumbani kwa Noeli na Bonane, yaani Mwaka Mpya, baada ya miaka mitatu. Siku kumi na sita ukitoa safari zinabaki kumi na mbili. Ndege ya Ethiopian inatoka Narita, inasimama Seoul, inakupeleka Addis Ababa, kisha Luano, uwanja wa ndege wa Lubumbashi. Unashuka, unaliona lile bomba refu la Gécamines, kampuni ya migodi, na mlima mweusi wa takataka za madini kando yake, na kifua kinajua kimefika kabla ya kichwa.

Siku kumi na mbili za nyumbani si zako. Ni za watu. Ukianza kwa shangazi wa mtaa wa Kenya kabla ya shangazi wa mtaa wa Ruashi, umekosea. Ukikaa nusu saa, umekosea zaidi. Kila nyumba kuna bukari, ugali wetu, na bukari halikataliwi, kwa hiyo kuna siku nilikula mara nne: kwa lengalenga (mchicha), kwa sombe (kisamvu), kwa samaki, tena kwa lengalenga. Kila nyumba kuna pia bahasha ya kuacha. Sisemi hili kwa uchungu. Wadogo zangu walisoma kwa bahasha za namna hiyo kutoka kwa wengine. Kinachoniuma ni hesabu ya muda: sikufika kaburini kwa nyanya. Tuliipanga siku hiyo mara tatu, na mara zote tatu mvua ikakata barabara. Nimeondoka bila kumsalimia, na hilo sijalisamehe.

Siku ya kumi kaka yangu alinichukua kwenda Kasumbalesa kumwona baba mukubwa, mkubwa wa baba yetu marehemu. Ni kama kilomita 90, na tulizimaliza kwa saa tatu, tukiyapita malori yaliyojipanga kuelekea mpaka wa Zambia. Mengi yalikuwa yamebeba shaba, zile sahani kubwa nyekundu zilizofungwa kwa mikanda ya chuma. Kaka alikuwa analalamika. Mimi nilikuwa nazitazama nikiwaza kwamba kipande chake kimoja kinaweza kunifikia siku moja mikononi, baada ya miaka, ndani ya simu ya mtu.

Baba mukubwa ana miaka 75. Nilijua alifanya kazi Musoshi, kila mtu kwetu anajua, lakini nilikuwa sijamwuliza kitu. Ulikuwa mgodi wa kampuni ya SODIMIZA, wakati nchi yetu ikiitwa Zaire. Shaba ilianza kutoka mwaka 1972, na waliouendesha walikuwa Wajapani. Waliondoka miaka ya 1980 mwanzoni. Watoto wa siku hizi wa Lubumbashi ukiwaambia Wajapani waliishi Katanga, pamoja na kambi yao na hospitali yao, wanadhani unawatungia.

Alikuwa amekaa kwenye kiti cha nailoni, mbabula, jiko la makaa, iko miguuni ingawa kulikuwa na joto. Akanishika mkono, hakuuachia.

"Mwanangu, kule unaikala na ba-Japonais, banasema Kiswahili?"

Nikamwambia hapana, baba, wana lugha yao.

"Apana. Bale ba kwetu balikuwa banajua. Asubuyi, mbele ya kushuka mu shimo, tunasimama mustari. Bosi anasimama mbele yetu, anapandisha mukono, anasema: Anzeni! Na siye tunaanza."

Kaka akacheka. Mimi sikucheka, damu ilikuwa imenisimama. Nikamwomba aniambie tena, kama yule bosi alivyosema, kwa sauti yake. Akaweka mgongo sawa, akainua mkono, na sauti ya mzee ikatoka kama ya mtu wa miaka 25:

"Go-anzeni!"

Kila asubuhi, saa mbili kamili, kiwandani kwetu tunasimama mstari. Msimamizi anasoma kazi za siku, anataja hatari za siku, kisha anasema "Go-anzen ni!" na sisi sote tunamjibu vile vile. Ni salamu ya watu wa migodi na wa chuma huku Japani. *Anzen* ni usalama. *Go* inaongezwa kwa heshima. *Ni* inafunga. Maana yake: fanyeni kazi salama, mtoke salama. Ukipishana na mwenzako njiani kiwandani humwambii habari ya asubuhi, unamwambia hilo. Nimelisema maelfu ya mara, na masikio yangu haya ya Kiswahili, yaliyosikia "ndiyo" katika "nda", hayakuwahi kusikia "anzeni" ndani yake. Baba mukubwa alilisikia siku ya kwanza.

Nikamweleza pole pole. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniambia nirudie lile neno la usalama. Nikarudia. Alitazama makaa muda mrefu.

"Kumbe alikuwa anatuombea," akasema. "Miaka yote ile mi nasema anatutuma kazi. Kumbe anatuombea."

Kisha akaingia ndani na kutoka na picha, nyeusi na nyeupe, imefungwa ndani ya karatasi ya sukari. Watu watano wamesimama mbele ya mdomo wa mgodi: Wakongomani wanne na Mjapani mmoja mfupi, kofia zao ngumu zote sawa, buti zao zote zina tope. Baba mukubwa ni wa pili kutoka kushoto, mwembamba, anatazama pembeni. Alipewa picha hiyo na yule bosi mwenyewe. Nyuma yake kuna mistari ya Kijapani kwa kalamu ya wino, na tangu wakati huo hakuna mtu aliyewahi kuisoma.

"Wewe utatusomea."

Nyumba nzima ikanyamaza. Wajukuu walikuja mlangoni, mke wake akaacha kukoroga sufuria. Nilisoma kitu kimoja: jina lake. Limeandikwa kwa herufi wanazotumia kwa majina ya kigeni, na kwa kuwa Kijapani hakina L, kila L ya jina lake imegeuka R. Nilipolitamka kwa R zake, alipiga kofi kwenye goti: "Njo vile! Njo vile alikuwa ananiita!" Lakini mistari mingine ilikuwa mwandiko wa mkono, wa haraka, herufi zimeungana na wino umefifia. Miaka yangu yote ya masomo haikunifungulia. Nilimwambia ukweli. Aliniangalia kwa upole, na upole ule ulinichoma kuliko angeniambia neno baya. Akaifunga picha tena kwenye karatasi yake na kuniwekea mkononi.

"Enda nayo. Kule kuko wazee?"

Kuko wazee, baba. Huku Akita karibu watu wanne katika kila kumi wana miaka 65 au zaidi. Ndio mkoa unaozeeka kuliko yote ya Japani, na tangu mwaka 2017 wakazi wake hawafiki milioni moja. Mtaani kwangu kuna nyumba sita, na zenye taa usiku ni tatu.

Kabla hatujaondoka nilimwuliza juu ya wale watoto. Wanaojua Musoshi wanajua ninachosema: wako Wakatanga waliozaliwa na baba Wajapani, baba wakaondoka kampuni ilipoondoka, na wapo ambao hadi leo, watu wazima wenye wajukuu, wanatafuta jina na sura. Alijibu kwa kifupi kwamba anawajua kadhaa, kwamba mmoja anauza mafuta ya magari si mbali na pale, na kwamba habari hiyo si yake kuisimulia. Nimeiheshimu kauli yake, kwa hiyo hata hapa naishia hapo. Lakini sitaki mtu asome juu ya bosi aliyewaombea watu usalama akadhani hilo ndilo lote lililotokea Musoshi.

Safari ya kurudi naipita haraka. Mama hakuja Luano, huwa haji. Anasema akiiona ndege inapanda hawezi kulala wiki nzima. Aliniagia jikoni akanifungia unga wa mahindi kilo nne, dagaa kavu, na karanga za kusaga kwenye chupa ya zamani ya mayonezi. Picha ilisafiri katikati ya kitabu, kitabu ndani ya kitenge, kitenge mapajani mwangu. Narita mbwa wa forodha alilinusa sanduku akaendelea na njia yake. Nyama hairuhusiwi na sikuwa nayo.

Wiki ya kwanza ya kurudi ndiyo ngumu, na kila mtu aliyeishi mbali anaijua. Ilikuwa saa tisa usiku na niko macho, kwa sababu kwetu ni saa mbili ya jioni, bakuli la kunawia linazunguka na mtu anauliza nani hajala. Nikaamka nikasonga bukari la mtu mmoja. Bukari la mtu mmoja halina ladha. Unga unajua. Nilikula nusu, nusu nikaifunga, na kulipokucha nikavaa buti nikaenda kwa jirani kushukuru kwa ile njia, mkononi nina chupa ya karanga na kile kitabu.

Alifungua mlango kabla sijabisha. Huku wazee wana maneno mafupi sana. Wanasema ni kwa sababu ya baridi, usikae mdomo wazi. Alisema "ke", yaani kula, akanivuta hadi kwenye meza yao ile yenye joto chini, miguu ikaingia ndani ya blanketi. Kulikuwa na kiritanpo: wali uliopondwa, ukafinyangwa kwenye kijiti cha mwerezi, ukachomwa, kisha ukawekwa kwenye mchuzi wa kuku. Nilimweleza zamani kwamba kwetu pia chakula ni kitu kilichosongwa na kukamatana, na tangu hapo kila nikitoka safari ananipikia hicho.

Nilitaka kumshukuru kwa theluji. Alipunga mkono, hataki kusikia. Basi nikatoa picha.

Alivaa miwani. Kwanza aliangalia sura zao, mmoja mmoja, wale wanne kwa uangalifu ule ule aliomtazamia Mjapani. Akauliza yupi ni wangu. Akaigeuza. Alisogea dirishani kwenye mwanga wa theluji, akaisogeza mbali na macho, akaikaribisha, kidole kinafuata mistari bila kuigusa. Kisha akasoma kwa sauti, kama mtu anayesoma barua ya nyumbani kwake:

"Showa 49, mwezi wa 11. Mvua zimeanza. Wote salama."

Chini yake jina la baba mukubwa na ya wenzake watatu. Basi. Hakuna jina la aliyeandika. Showa 49 ni mwaka 1974.

Nilikuwa nimengoja kitu kirefu zaidi, na nadhani usoni ilionekana. Lakini bibi hakuishusha picha. Nilijua mume wake alikuwa mtu wa mgodi, hapa hapa Odate, Hanaoka, na kwamba amefariki; zaidi ya hapo hakuwahi kunisimulia. Akaniambia kwamba kwenye nyumba za kampuni, wanawake walipika wakisikiliza. King'ora kikilia saa isiyo yake, kila mmoja anatoka kizingitini na mwiko mkononi, wanasimama hivyo, hakuna anayemwangalia mwenzake. Mpaka mtoto aje anakimbia kutoka kule juu na maneno mawili. Akaweka kidole pale kwenye karatasi, kwenye maneno yale mawili ya mwisho. *Zen'in buji.* Wote salama.

"Hakuna mengine tuliyotaka kusikia," akasema. Kisha: "Nda."

Nilimwuliza kama mume wake naye alisema go-anzen ni. Alicheka kidogo. Mume hakuwa anasema. Yeye ndiye aliyekuwa anamwambia, kila asubuhi, pale pale mlangoni ninapovulia viatu.

Nilimrekodia baba mukubwa ujumbe wa sauti jioni ile ile, kwanza maneno yenyewe kwa Kijapani, bibi akiyasoma karibu na simu, halafu mimi kwa Kiswahili. Kasumbalesa umeme ulikuwa umekatika, alama moja tu ya kijivu, haukufika. Siku mbili haukufika. Asubuhi ya kurudi kazini nilisimama mstari kama kawaida, pumzi zetu zinatoa moshi, msimamizi akasoma hatari za siku: barafu kwenye ngazi ya mashariki, lori jipya linaloingia kinyumenyume. Akainua sauti. Nikajibu pamoja na wengine, na kwa mara ya kwanza nikalisikia jinsi baba mukubwa alivyolisikia.

Jibu lilinikuta mapumziko ya mchana. Ujumbe wa dakika nne, mwingi ni kukohoa na kuku. Amewataja wale watatu, jina na kijiji cha kila mmoja. Mmoja amekufa juzi juzi kwa uzee, Kipushi. Wengine wawili mgodi uliwachukua mwaka uliofuata, siku moja, na bosi yule alikuja matangani akakaa chini kwenye mkeka mpaka asubuhi.

"Lakini ile siku ya foto," anasema, "ni kweli vile aliandika. Ile siku siye wote tulitoka."

Halafu ananiomba nimtafutie jina la yule Mjapani. Wao walikuwa wanamwita Bosi tu.

Jumamosi bibi na mimi tunapanda basi kwenda Kazuno. Anasema kuna rafiki wa marehemu mume wake, ana miaka 90, ambaye kampuni ilimpeleka Afrika kabla hajaoa. Hajui ni Afrika ya wapi. Nimeshaifunga picha kwenye karatasi yake ya sukari.